Zinki imeshuka: ndiyo iliyoipandisha malaria kichwani?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa Pongwe, Tanga. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi mitatu. Baada ya masika ameugua malaria mara mbili, zimepishana wiki tano. Hiyo ya pili alishikwa na degedege, akalazwa, akaongezewa damu. Siku ya pili wodini ndugu yangu wa Dar akashauri damu ipelekwe maabara binafsi ipimwe madini. Majibu yamekuja zinki ni mikrogramu 48 kwa desilita, pembeni pameandikwa "chini". Muuza duka la dawa anasema ndiyo sababu malaria ilimpanda kichwani, nimpe kidonge cha zinki cha miligramu 20 kila siku kwa miezi mitatu, pamoja na syrup ya vitamini na dawa ya kuongeza damu. Nimeshanunua vyote. Sasa yuko nyumbani, anacheza, ila amepungua. Nimpe?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Pole sana kwa kuuguza, na Mwenyezi Mungu ashukuriwe mtoto anacheza.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Zinki ya kila siku kwa miezi mitatu usimpe. Syrup ya vitamini na dawa ya kuongeza damu ziweke juu ya kabati mpaka mtoto apimwe tena wingi wa damu na daktari aseme. Vidonge vya zinki usivitupe, vina kazi yake, nitakwambia ni ipi.

Sasa hiyo 48. Wewe ni mtu wa Tanga, habari ya maji kupwa na kujaa hufundishwi. Mgeni akifika Raskazone maji yamekupwa, akaingia, yakamfika magotini, akaenda kuandika kwamba bahari ya Tanga imekauka, utamcheka. Bahari ipo, imesogea tu. Zinki katika damu ya mtoto mwenye homa ndivyo inavyofanya. Mwili ukishavamiwa, iwe na malaria au maradhi mengine, hutoa kemikali za kupiga mbiu ya vita. Mojawapo, intaleukini-6, huliambia ini livute zinki kutoka kwenye damu na kuifungia ndani ya chembe zake. Kwa saa chache tu kiwango kwenye damu kinaporomoka, na zinki yenyewe haijatoka mwilini, imehamia ini. Wengi wetu tunaona hii ni njia ya kumnyima adui posho, maana kimelea cha malaria nacho hakikui bila zinki. Chembe nyekundu ya damu ambayo kimelea kimeingia hukutwa na zinki nyingi kuliko chembe salama.

Na kadiri vita vinavyokuwa vikubwa ndivyo ini linavyovuta zaidi. Hapo ndipo watu wanapopotea. Ukiwapanga watoto wodini, wale wenye malaria kali watakuwa na zinki ndogo kuliko wenye malaria nyepesi. Asiyejua akizitazama namba hizo ataapa kwamba upungufu wa zinki ndio ulioleta ukali. Ameuona moshi, akadhani ndio uliowasha moto. Katika utafiti mmoja wa watoto wenye malaria uliofanyika Tanzania, Uganda, Ghana, Zambia na Ekuador, takriban 70% walikuwa na zinki ndogo siku waliyopokelewa. Waliokuwa na vimelea vingi, na mwili umewaka zaidi kwa mapambano, ndio walioshuka zaidi. Baada ya saa 72 za matibabu kiwango kilikuwa kinapanda. Maji yalikuwa yanajaa.

Kwa mtoto wa rika la mwanao, zinki iliyo chini ya mikrogramu 65 kwa desilita, damu ikichukuliwa asubuhi, ndiyo tunayoiita ndogo. Lakini mpaka huo umewekwa kwa ajili ya watoto wasio na homa. Mwanao alikuwa siku ya pili ya malaria kali! Tena nikwambie kweli, hata hiyo 48 yenyewe siiamini sana. Zinki ni kipimo chenye kudeka. Kifuniko cha mpira cha chupa ya kawaida kinaweza kuitia zinki damu, ndiyo maana kunatakiwa chupa maalumu. Damu ikichelewa kutenganishwa, au chembe zikipasuka, zinki iliyokuwa ndani ya chembe inamwagika nje na majibu yanapanda kwa uongo, na malaria kazi yake ni kupasua chembe. Juu ya hayo mtoto alikuwa ameshaongezewa damu, kwa hiyo sehemu ya kilichopimwa ni cha mtu mwingine aliyejitolea. Karatasi ile haimsemi mwanao. Ningekuwa nawe pale wodini ningekwambia hela hiyo ukanunulie samaki.

Usije ukanielewa kwamba mtoto wako ana zinki ya kutosha. Huenda hana. Na hapa nina ushahidi wa mkoani kwetu: Handeni, palifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, wa watoto 612 wa miezi 6 hadi 60, waliochaguliwa kwa kuwa wafupi kwa umri wao. Mwanzoni kabisa 67% yao walikuwa na upungufu wa zinki, na hata ukiwatoa wale ambao damu ilionyesha mwili unapambana na maradhi, bado 60% walikuwa nao. Si ajabu. Mtoto wetu anaachishwa ziwa kwa uji wa mahindi, anakua kwa ugali, na siku za shida ni muhogo. Muhogo zinki yake ni kidogo mno. Mahindi yanayo kiasi, lakini yana asidi ya faiti, kitu kilichomo kwenye ganda na kiini cha nafaka, ambacho huikamata zinki tumboni isifyonzwe, ikatoka na choo kama ilivyoingia.

Basi, utaniuliza, kama upungufu upo na malaria ipo, si tuwape vidonge tuone? Waliuliza hivyo hivyo Handeni. Watoto wale waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine zinki peke yake, miligramu 10 kila siku, wengine mchanganyiko wa vitamini na madini usio na zinki, wengine vyote viwili, wengine dawa tupu isiyo na kitu. Wakafuatiliwa karibu mwaka mzima, kila homa inapimwa. Vidonge viliongeza zinki kwenye damu kweli kweli. Malaria haikupungua.

Utafiti huo nauthamini kuliko yote kwa sababu ulifanyika mahali ambapo, kama zinki ingekuwa ngao ya malaria, ingeonekana. Theluthi mbili ya watoto hawana zinki, mbu wako tele, na zinki wamepewa na imefika kwenye damu. Ngao haikuonekana. Kwa haki niseme kwamba huko nyuma, mwaka 2000, Papua Guinea Mpya walichapisha matokeo yaliyotutia moyo: watoto wa chini ya miaka mitano waliopewa miligramu 10 siku sita kwa wiki walikwenda kituo cha afya kwa malaria pungufu kwa 38%, na homa zenye vimelea vingi sana zilipungua kwa 69%. Nakumbuka tulivyofurahi. Mwaka uliofuata yakatoka majibu ya Burkina Faso, watoto 709, dozi inayokaribiana na hiyo kwa miezi sita: kuhara kulipungua, malaria haikuguswa. Halafu ule utafiti wa nchi tano niliokutajia juu, ambao ulijaribu pia zinki kama nyongeza ya matibabu kwa watoto zaidi ya elfu moja waliokuwa na malaria isiyo kali. Waliopewa zinki pamoja na dawa ya malaria na wasiopewa, homa iliwaachia kwa muda ule ule. Nimeyapima yote hayo kwa miaka, na msimamo wangu ni kwamba zinki ni kwa ajili ya kukua na kwa ajili ya kuhara. Malaria tuitafutie dawa zake yenyewe.

Lile la syrup na dawa ya kuongeza damu linanipa wasiwasi kuliko zinki. Turudi Handeni. Wale waliopewa mchanganyiko wa vitamini na madini, wenye madini ya chuma ndani yake, wakiwa na upungufu wa chuma mwanzoni, waliugua malaria mara nyingi zaidi kwa 41% kuliko wenzao wasiopewa. Na ng'ambo yetu hapa, Pemba, utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha kwamba kuwapa watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwapima, mahali penye malaria nyingi, kuliongeza vifo na kulazwa kwa 12%. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa. Lakini ndani ya utafiti huo huo kulikuwa na kundi dogo lililopimwa na kutibiwa malaria mapema, na humo waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Maana yake chuma si sumu. Ni dawa inayotaka mtu wa kuangalia. Mwanao baada ya malaria kali huenda akaihitaji, na daktari anaweza kumwandikia, kwa dozi, kwa siku maalumu, akiwa analala ndani ya chandarua. Kununuliwa dukani kwa sababu mtoto "amepungua", hapana. Soma nyuma ya ile syrup. Nyingi ya hizo zina chuma ndani na mwenye duka hakwambii.

Na zinki ikizidi? Mtoto wa miaka miwili anahitaji miligramu 3 kwa siku, na kiwango cha juu kinachoonekana salama kwa matumizi ya muda mrefu ni 7. Wewe umeambiwa 20 kwa siku tisini. Zinki nyingi kwa muda mrefu inazuia shaba isifyonzwe tumboni, na shaba ikikosekana mwili unashindwa kutengeneza damu. Mtoto uliyemtoa wodini kwa kupungukiwa damu utakuwa unamrudisha kule kule kwa mlango wa nyuma.

Basi kwa nini malaria ilimwia kali? Sikumwona, kwa hiyo nitakuuliza maswali badala ya kujifanya najua, nawe ukajibu mbele ya daktari wako. Umri wenyewe ni sababu tosha. Mtoto wa miaka miwili wa Pongwe bado hajajenga kinga ambayo wewe na mimi tumeipata kwa kuumwa na mbu utotoni. Kinachofuata ni saa. Homa ilianza lini, na dawa ya kwanza ilimezwa lini? Vimelea vinazaliana kila baada ya siku mbili, na aliyesubiri "tuone kesho" mara mbili ameshavipa mzunguko mzima. Nauliza bila lawama. Wengine wanaanza na panadol, wengine wanapelekwa kwanza kwa fundi, yaani mganga, kwa sababu ya degedege, na nimekua nikisikia kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Sindano haimuui. Anakufa kwa sababu analetwa saa za mwisho, sindano ndiyo inayokutwa mkononi. Na sindano ya sasa ni ya artesuneti. Kuwa inaokoa watoto kuliko kwinini kulithibitishwa 2010 katika utafiti wa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, na baadhi yao walikuwa wa Muheza na Korogwe, majirani zako. Waliofariki kwa kwinini walikuwa 10.9%, kwa artesuneti 8.5%.

Halafu ile malaria ya kwanza. Alimaliza dawa mseto (ALu)? Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 anapewa kidonge kimoja, cha pili baada ya saa 8, kisha kimoja asubuhi na kimoja jioni siku mbili zinazofuata. Jumla vidonge sita. Ni desturi homa ikishuka siku ya pili mama akaweka vilivyobaki kwa ajili ya mdogo mtu. Najua, hata kwetu nyumbani kulikuwa na kibati cha masalio. Akitapika ndani ya nusu saa dozi inarudiwa. Na dawa hii inataka mafuta kidogo, maziwa au uji wenye nazi, ndipo iingie vizuri mwilini. Ikimezwa na chai kavu inafyonzwa pungufu. Malaria inayorudi baada ya wiki tano inaweza kuwa mbu mpya, inaweza kuwa ile ya zamani haikung'oka. Jambo jingine: kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kubaki na mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Homa ikimjia tena mwezi huu mwambie mhudumu kwamba ametibiwa karibuni, uombe damu iangaliwe kwa hadubini.

Na kuna kipimo kimoja ambacho, kama hakikufanyika, nakitaka mbele ya vyote, tena kuliko zinki: sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Mtoto wa pwani aliyeongezewa damu kabla ya kufika miaka mitatu asiruhusiwe kupita bila kuulizwa habari hiyo. Mwenye kurithi kutoka kwa mzazi mmoja tu ana bahati, malaria kali humpata kwa nadra. Mwenye kurithi kwa wazazi wote wawili ana ugonjwa, na malaria humkausha damu upesi. Damu aliyoongezewa inaweza kuyachanganya majibu, kwa hiyo waambie tarehe aliyowekewa, wao watajua wangoje kiasi gani. Muulize pia daktari kuhusu dawa ya kukinga malaria baada ya kutoka hospitali. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu mahali penye malaria nyingi, kwa sababu miezi ya mwanzo baada ya kuruhusiwa ndiyo yenye kurudisha watoto wodini.

Zinki ya chakula, hiyo mpe kadiri uwezavyo, haina shida. Na Tanga hatujapungukiwa. Dagaa wakavu, wazima na vichwa vyao, watwange uwe unga, kijiko kimoja kwenye uji au mchuzi wake kila siku. Kunde na mbaazi ziloweke usiku kucha, umwage maji yale, ndipo upike na tui. Kuloweka kunapunguza ile asidi inayokamata zinki, na kuchachusha kunapunguza zaidi, kwa hiyo uji wa bibi uliolala ukachachuka kidogo ni bora kuliko huu wa kukoroga na kunywa papo hapo. Ule unga wa lishe wenye nafaka saba siupendi. Ni faiti juu ya faiti, na mtoto anashiba kabla hajapata kitu. Maini au nyama, japo vipande viwili vilivyokatwakatwa, mara mbili kwa wiki. Na kama una mtu wa kukuletea chaza wa mikokoni, hakuna chakula kinachomshinda kwa zinki. Mpike aive kabisa, umsage. Bibi yangu alikuwa akiwatoa kwenye mizizi kwa kisu kilichokatika ncha, akisema ni chakula cha maskini. Kwa zinki alikuwa akitulisha kitajiri.

Sasa vile vidonge ulivyonunua. Vihifadhi mahali pakavu, utazame tarehe. Siku mtoto akiharisha, mpe kimoja cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, kikiwa kimeyeyushwa kwenye kijiko cha maji safi, pamoja na maji ya ORS, na usikatishe kuhara kukikoma siku ya tatu. Kazi hiyo zinki inaiweza, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaipendekeza tangu 2004. Mchanga wa chini ya miezi sita anapewa nusu ya kidonge.

Kwa wiki hii, nenda kliniki ya watoto na kadi yake na karatasi ya kutoka hospitali, apimwe damu, aulizwe habari ya sikoseli, apimwe uzito. Na usiku ukiwa unamfunika tazama chandarua chenyewe, pale pembeni anapolalia, ndipo vinapotobokea. Homa ikirudi, siku hiyo hiyo kituoni. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akipumua kwa shida, akikojoa mkojo mweusi kama kahawa, au ile degedege ikija tena, usipitie popote, iwe usiku iwe mchana.